Mwenye Kumuonjea Mama

Mantapala, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Kwa mudogo yangu Evariste,

Amani ya Bwana iingie mu nyumba yako mbele ya hii barua. Siye apa tuko. Jua ni kali, majani yote imekauka, tunangojea mvula tupande. Plamedie alizaa, mutoto mwanaume. Binti yangu sasa ni mama ya mutu, na miye niko nkambo, ona vile Mungu anatukimbiza. Uso ya mutoto ni ya Baba yetu kabisa, na hasira yake pia: ziwa ya mama yake ikikawia anakunja ngumi. Tulimuita Blessings, juu majirani ya apa banapenda majina ya Kiingereza, nikasema baraka ni baraka. Umuombee, kifua yake haina nguvu.

Nakuandikia ku karatasi juu simu ya Plamedie ilianguka mu maji ya kufulia. Ya jirani yangu Ennie iko, lakini nikiongea pale mustari muzima ya nyumba zetu unasikia. Angèle, ule mama wa samaki mwenye anavukaka ziwa kuya Kilwa, kwenu Congo, njo atakufikishia.

Jambo yenyewe ni bui.

Usicheke. Unajua Mama hana meno. Bukari ya bunga ya mahindi inamurudia, samaki inamurudia. Tumbo yake ilibaki na kitu kimoja tu, uji, ile bui ya sashe ya njano, yenye ladha, ile gu ya vanille, yenye tulianza kukula mu 2017 wakati tulishuka ku bwato na bakatupeleka Kenani, ku kambi ya bakimbizi apa Zambia. Unamwanga maji moto, unakoroga, imekwisha. Asubui yote, miaka yote hii. Nilikuwaka namuchokoza, nasema Mama ataolewa na ile sashe.

Bon. Nilienda Nchelenge ku butiki ya Webby. Nakuta sashe ni ya njano, jogoo mwenye eko juu yake ni ule ule, lakini chini ya jogoo balichora ndizi.

"Webby, ya vanille iko wapi?"

"Mama Orpha, ile ilikwisha, habatengeneze tena. Sasa ni ya ndizi. Batoto yangu banalamba mupaka karatasi."

Nikazunguka soko yote. Nikatuma mutu mupaka Chienge. Ni ndizi tu.

Nikarudia nayo, nikapika, harufu ikajaa nyumba. Mama akainua kijiko, akakirudisha.

"Hii ni nini?"

"Ni bui yako, Mama. Balibadilisha gu tu."

"Nani alionja?"

"Ni miye. Nilionja pale ku moto."

"Weye uko mwanamuke. Evariste eko wapi?"

Unajua vile iko kwetu. Tangu Baba alikula ku karamu ya bandugu yake, akarudi anashika tumbo na hakuona asubui, Mama aliapa kitu kipya haitaingia mu kinywa yake kama mutoto mwanaume wa kwanza hajaonja mbele ya macho yake. Ulikuwa ungali mudogo, ukapewa ile kazi. Unameza, unakunywa maji, unafungua kinywa, anaangalia ndani mupaka ku koo, njo anakula. Hata pale Kenani, bantu banasukumana na bikombe, bazungu banangoja, Mama anakuambia, "Fungua." Miye nilisikia haya. Lakini alikula.

Miye siweze kufanya ile kazi. Binti ni mutu wa kwenda ku bwana, njo vile Mama anasema, na hata bwana yangu amekufa na niko apa namuogesha Mama, bado niko mutu wa kwenda. Félix mudogo yetu naye ni kitinda-mimba. Ni weye tu, na weye ulirudi Congo.

Kwa hiyo nakutumia sashe moja. Onja, kisha andika na mukono yako, nitamusomea. Na umuambie Félix aandike hata mustari moja. Mulivuka pamoja, miaka mbili sasa, na Mama anauliza jina yake kila siku.

Mama ni muzima. Amekonda kidogo tu.

Yaya yako, dada mukubwa mwenye hakusahau hata mu maombi ya mufupi,
Orpha


Kilwa, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2024

Yaya Orpha,

Nakusalimia sana, na Mama, na Plamedie, na huyu Blessings mwenye ngumi. Jessica bibi yangu anakusalimia. Tuko bazima. Mihogo iliota vizuri, nguruwe ya jirani ikaona pia kwamba iliota vizuri. Barua yako ilikawia juu ziwa ilikasirika, Angèle alingojea ku kisiwa.

Nilionja. Nilifanya vile Mama anapenda. Niliikala ku kiti, nikaomba Jessica asimame mbele yangu fasi ya Mama. Nikakula kijiko, nikameza, nikakunywa maji, nikafungua kinywa. Jessica akaangalia, akacheka mupaka akaikala chini. Anasema, "Bwana yangu, sumu ya bulozi siione, naona tu jino ya nyuma yenye kuoza."

Sasa gu yake. Harufu ni ya ndizi, lakini ukitafuta ndizi mu kinywa huione. Ni kama zile bonbo zenye padri alikuwaka anatutupia ku Noeli: unalamba, unafurahi, kisha nyuma yake kunatoka dawa. Sukari ni mingi. Inashuka bila kukwama. Haiko mubaya, Yaya. Haiko yetu. Tia ndimu na chumvi kidogo, itatulia.

Musomee Mama hivi: Evariste alionja na eko muzima.

Félix eko mbali, kule ku mashimo ya kobalti, karibu na Kolwezi. Network inasumbua.

Mudogo yako,
Evariste


Mantapala, tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2024

Evariste mudogo yangu mupendwa,

Bwana akulinde na nguruwe ya jirani. Siye tulipanda, mvula ilikuya muzuri, mahindi imefika ku magoti. Blessings anakohoa lakini anacheka, na ku kanisa juzi alilia mupaka pasta akafupisha mahubiri. Bantu mingi balimushukuru Mungu kwa ile kilio.

Barua yako niliisoma na sauti. Mama alikuwa ku mukeka, Ennie naye alikuwa pale, anachagua maharagi. Kufika pale pa jino ya kuoza, Mama alicheka. Evariste, alicheka! Nilikuwa nimesahau sauti yake. "Rudilia pale pa jino," anasema. Nikarudilia. "Rudilia tena." Ennie hasikie Kiswahili mingi lakini akacheka pia, juu ya kumuona Mama.

Kisha pale pa kusema haiko mubaya, haiko yetu, Mama akatikisa kichwa. "Huyu njo mutoto yangu. Hadanganyi." Nikaona mulango umefunguka, nikakimbia kupika. Nikatia ndimu, nikatia chumvi. Akakula bijiko bichache na macho yamefungwa. Nikaanza kuimba moyoni. Kisha akaweka kijiko.

"Karatasi haina koo," anasema.

"Mama, si ameandika na mukono yake?"

"Mukono haimeze. Nataka nione ikishuka."

Ennie akaacha maharagi yake. "Lyeni mukwai, bamayo! Kula! Weye uko malkia? Hata malkia akisikia njaa anakula."

"Malkia ana baaskari," Mama anamujibu. "Miye nina mutoto moja na alivuka maji."

Ennie alicheka, lakini miye nilitoka inje.

Ile siku hakukula tena, na kesho yake hakukula. Anakunywa chai. Mangaribi aliniuliza kitu: "Na Félix? Nani anamuonjea Félix kule?" Nikacheka, nikasema Félix anakula hata misumari, Mama, umemusahau? Akasema, "Simusahau."

Sasa sikiliza. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili banafunga uvuvi, mabwato itapungua, unajua vile ziwa inabakia tupu. Kuya mbele ya ile siku. Usilete kitu. Onja mbele yake mara moja tu, kisha rudia kwako, sitakushika. Mutu wa kwenda kuona mama yake hapaswe kubembelezwa na barua, lakini nakubembeleza.

Mama ni muzima. Asubui namubeba ku mugongo kwenda choo, ni juu tu miguu yake inakuwa baridi. Haiko muzito.

Yaya yako,
Orpha


Kilwa, tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya,

Salamu ya Noeli kwenu bote. Barua yako ilinifikia wakati uvuvi ulisha kufungwa. Jessica eko na mimba, anatapika asubui. Mvula ilibomoa ukuta ya jikoni. Na unajua nilirudisha karte yangu ya mukimbizi wakati nilitoka kule, ku mupaka bataniuliza.

Nimesoma hii mistari yenye niliandika sasa, naona aibu. Ni kweli yote lakini haiko sababu. Yaya, hii karatasi usiisomee Mama. Isome pekee yako, kisha uitie mu moto.

Félix hayuko. Alikufa mu mwezi wa saba. Walishuka mu shimo asubui, bantu kumi na kitu, udongo ukashuka juu yao. Bale benzake ya juu balichimba na mikono na masufuria, kisha chef, mukubwa wa pale, akasema muache, udongo wa pembeni nao unatembea. Hawakumutoa. Nilienda, nikasimama pale, hata fasi ya kuweka musalaba hakuna mwenye aliweza kunionyesha. Nikarudi na viatu yake yenye aliacha ku nyumba.

Nilikuandikia network inasumbua. Ku karatasi naweza kudanganya. Lakini mbele ya Mama siweze, na weye unajua. Unakumbuka ile sukari ya Baba mudogo yenye niliiba? Nilikana asubui, nilikana mangaribi, alinipiga nikakana. Kisha Mama akaleta bui mupya, anasema onja, nikaonja. Anasema fungua, nikafungua. Anasema, "Sasa sema," na kweli yote ya sukari ikatoka. Mutu mwenye anafunguliwa kinywa na mama yake tangu utoto, ile kinywa haiko yake tena.

Nikikuya, atakula. Halafu ataniuliza. Nitamulishaje na mukono moja, na kwa ingine ninamupa kifo ya kitinda-mimba yake? Nilipenda anione mutoto mubaya mwenye hakuye, kuliko vile.

Nakutumia bunga ya bulezi na ndimu. Jaribu.

Unisamehe,
Evariste


Mantapala, tarehe 11 mwezi wa kwanza 2025

Evariste,

Mwaka mupya ulituingilia. Nakusalimia, na nasalimia Jessica na mimba yake.

Barua yako niliisoma mu shamba, katikati ya mahindi, juu mahindi imenipita sasa na hakuna mwenye anaona. Niliikala mu matope. Nililia mu kitenge, nikakiingiza yote mu kinywa. Kurudi ku nyumba Mama anauliza, macho ni nini? Nikasema nyuki. Akaniita, akatafuta mwiba ya nyuki ku uso yangu na vidole yake, polepole, na haione vizuri. Anasema, "Siione." Nikasema ilisha kutoka.

Mutu mwenye amefiwa anafungua kilemba, anaikala chini, bantu banakuya, moto unawashwa inje. Ndugu yetu ya mwisho amekufa na miye nimekaza kilemba yangu. Natembea, nasalimia, Ennie ananichokoza, namujibu. Ku kanisa baliomba niongoze wimbo, nikaongoza. Tangu mwezi wa saba weye ulikuwa unafanya hii kazi, pekee yako? Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa. Nilikukasirikia kidogo tu, siku moja, kisha nikachoka.

Bulezi yako nilipika. "Nani alionja?" Nikasema Evariste ameituma yeye mwenyewe. "Kutuma haiko kuonja." Imekwisha pale.

Nimeomba sana juu ya hii jambo. Nimemuuliza Mungu kipi ni dhambi kidogo. Hakunijibu, au alinijibu na sikusikia, juu ya vile tumbo ya Mama inalia. Kwa hiyo nimechagua miye, na ikiwa ni vibaya nitasimama miye mbele ya Mungu ile siku.

Kuya na udanganye. Nimesema. Funga kitambaa ku shingo, sema koo inauma, sema malaria, sema daktari alikukataza kuongea. Onja, meza, fungua kinywa, na ukifunga, ufunge. Akiuliza Félix, onyesha koo. Miye nitakuwa pembeni, nitajibu mu fasi yako. Nimezoea sasa.

Sikukuambia kweli ya Mama. Ukimuinua mabega, unasikia mifupa inaongea. Pete yake ya ndoa ilianguka mu bakuli ya kunawia, hatukuivuta, ilitoka yenyewe. Nimeifunga mu kitambaa.

Hata kama uvuvi umefungwa, bale bantu benye banavuka kwa siri bako. Unabajua. Kuya.

Orpha


Kilwa, tarehe 8 mwezi wa pili 2025

Yaya Orpha,

Mungu amuponeshe Blessings. Ennie aliniambia ulikuwa Kafutuma ku kiliniki na Plamedie, juu kifua ya mutoto ilifunga. Nililia kidogo vile sikukuona. Nilikuya kwenu na bwato ya bantu bale benye ulisema, hawakutaka kungojea mupaka kesho, walisema mangaribi tunatoka, mwenye atabaki abaki. Kwa hiyo nakuandikia kitu chenye ungaliona na macho.

Nilimukuta Mama ku mukeka, inje, mu kivuli ya nyumba. Nilifikiri ni kitenge moja bameanika chini. Nilikuwa nimefunga kitambaa ku shingo kama vile uliniambia.

"Ulikawia," anasema.

Ennie aliinua mikono, anapiga kelele, "Bamayo, umwana aisa! Mutoto amekuya!" na akakimbia kuwasha moto mbele ya miye kumuomba. Alipika ile bui ya ndizi. Hakutia ndimu, hakutia chumvi, sikupata nguvu ya kumufundisha. Aliileta mu kikombe ya Mama.

Niliikala chini mbele yake. Nikakula kijiko. Ni ile ile, Yaya, bonbo na dawa. Nikameza. Nikakunywa maji. Mama akatoa mukono, akanishika kidevu, vidole yake ni kama ya kuku. Nikafungua. Aliangalia kwa muda mingi. Nilikuwa naona macho yake yanatembea ndani ya kinywa yangu kama mutu anatafuta kitu mu sanduku. Nikasema moyoni, sasa ataniuliza, shika koo, shika koo.

Hakuniuliza. Aliniacha kidevu, akaomba kikombe.

Na akakula, Yaya. Alikula yote. Ennie alitaka kumulisha, akamusukuma. Alikula kijiko nyuma ya kijiko, bila kusema tamu, bila kusema mubaya, kisha akapitisha kidole mu kikombe na akalamba kidole. Ennie alicheza pale pale. Miye nilifurahi, nilifurahi vibaya sana, nikafikiri nimeponea. Nikaanza kusimama niseme bwato inaningojea.

Mama alipanguza kinywa na pembe ya kitenge. Akamuambia Ennie aende kuchota maji. Kisha anasema, "Bon. Sasa niko na nguvu. Fungua ile kitambaa, haukohoe hata mara moja. Niambie Félix alikufa namna gani."

Nikamuambia.

Hakulia. Aliuliza kama bamemutoa. Nikasema hapana, eko ndani bado. Aliuliza kama alikuwa pekee yake. Nikasema hapana, bako bengi. Aliuliza, "Ile asubui, alikuwa amekula?"

Sikujua. Nilimuambia sijue. Njo kitu yangu ya mwisho nilimupa, Yaya, sijue. Kijana wa pikipiki mwenye alinileta kutoka ku maji alianza kupiga honi. Alisema, "Enda, batakuacha." Nikaenda.

Kila siku najiuliza ningaliweza kusema ndiyo, alikuwa amekula. Ni neno ndogo.

Evariste


Mantapala, tarehe 27 mwezi wa pili 2025

Mudogo yangu Evariste,

Bwana akutie mukono ku mugongo. Blessings alipona, asifiwe Yeye. Anapumua bila filimbi. Mahindi inakauka vizuri, nyani habajaijua bado.

Wakati nilirudi kutoka Kafutuma nilikuta Mama amenyolewa. Alimuomba Ennie amunyoe na wembe. Alikuwa anaikala chini, moto unawaka inje mu jua kali, na akaniambia, "Orpha, fungua kilemba yako. Ulichoka." Nilianguka ku magoti yake. Nililia machozi yote yenye nilificha mu mahindi, na ingine juu yake. Mustari muzima ulikuya, Bakongomani na Bazambia, banawake balileta bunga na kuni, baliimba mupaka sauti zikaisha. Félix alipata kilio yake. Nilitaka ujue ile.

Lakini bui hakukula tena. Nilileta kile kikombe, nikasema Mama, hii Evariste alishaonja, umeona na macho yako, ilishuka. Anasema najua. Anasema ile siku alikula juu ya kusikia habari, mutu haweze kupokea habari vile na tumbo tupu. Haikuwa ya kuishi. Nimemubembeleza, nimemugombeza, nimemuimbia. Ennie naye, na pasta naye. Anatuangalia vizuri, bila hasira. Sasa anakunywa maji tu, na haulize nani alionja.

Haiko kosa yako. Ukisoma hii, isome mara mbili. Ungalidanganya, angalijua, na angalikufa bila kumulilia mutoto yake.

Ameomba kitu moja. Anataka kuvuka. Anasema Félix eko mu udongo ya Congo, na udongo inashikana, kutoka Kilwa mupaka kule Kolwezi hakuna maji katikati yenye inakataza. Apa Mantapala kuko ziwa katikati. Hataki ziwa. Nilimuambia Mama, ungojee, ikifika ile siku tutakubeba. Akaniuliza kama nimesahau: benye mabwato habapakie maiti. Banaogopa. Mutu muzima banamupakia, hata akiwa ameikala ya kuegemea. Kwa hiyo anataka kuvuka angali anapumua. Alishafikiri yote, Evariste, vile alikuwaka anafikiri karo ya shule yetu.

Uvuvi unafunguliwa ku mwisho wa hii juma. Angèle anavuka mbele na hii barua, na akirudi anatupakia siye babili. Amekubali kuweka godoro katikati ya bwato, fasi yenye haitikisike sana. Plamedie atabaki na mutoto na shamba. Miye nitabaki kwako mupaka iishe.

Utungojee ku pori, kwenye bwato zinatuaka, na kijana mbili ya nguvu na kitanda ya kubebea. Muambie Jessica asipike kitu, na asilie mbele yake, juu ya mimba. Muwekee Mama chumba yenye dirisha inaangalia magaribi, upande ya Kolwezi.

Nimefua nguo yake yote. Eko ku mulango, anaangalia vile ninaandika, anasema nikusalimie na nifupishe.

Usilete chakula ku pori.

Yaya yako,
Orpha